Vita vya ukombozi wa Msumbiji, 1964–1974: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Vita vilianza lini na kwisha lini?

Risasi inayotambuliwa rasmi kuwa ya kwanza ililia 25 Septemba 1964 huko Chai, mkoa wa Cabo Delgado. Mapigano yalisimamishwa 8 Septemba 1974, siku moja baada ya Mkataba wa Lusaka. Ni miaka kumi kasoro siku 17. Uhuru ulitangazwa 25 Juni 1975, tarehe iliyochaguliwa makusudi kwa sababu FRELIMO, chama kilichopigana na Wareno, nayo ilizaliwa 25 Juni, mwaka 1962.

Kwa nini Wareno hawakuondoka kwa mazungumzo, kama Waingereza walivyoondoka Tanganyika?

Kwa sababu serikali ya Salazar, mtawala wa kiimla wa Ureno, haikukubali hata kwamba ilikuwa na makoloni. Mwaka 1951 ilibadilisha sheria, na Msumbiji, Angola na Guinea-Bissau zikaitwa mikoa ya Ureno iliyo ng'ambo ya bahari. Kudai uhuru kukawa sawa na kutaka kuimega nchi, yaani uhaini. Ndani ya Ureno kwenyewe hapakuwa na uchaguzi huru wala magazeti huru, kwa hiyo hakuna mwanasiasa wa upinzani aliyeweza kusimama bungeni na kuuliza gharama ya kung'ang'ania Afrika.

Pesa nazo zilikuwa na nguvu. Ureno ilikuwa nchi maskini kwa kipimo cha Ulaya. Viwanda vyake vya nguo vilipata pamba ya bei ya chini kutoka Msumbiji, na wachimba migodi wa Msumbiji waliokwenda Afrika Kusini waliiletea Lisbon dhahabu, maana sehemu ya mishahara yao ililipwa kupitia serikali ya Ureno. Walowezi nao waliongezeka hadi karibu 200,000 mwanzoni mwa miaka ya 1970.

India ilipoitwaa Goa, koloni la Ureno kwenye pwani ya India, Desemba 1961, Salazar aliwaadhibu maofisa wake waliojisalimisha badala ya kufa wakipigana. Kila ofisa aliyepelekwa Afrika baada ya hapo alijua nini kinamsubiri akishindwa. Marekani ilinung'unika mwanzoni, lakini ilihitaji kambi ya ndege katika visiwa vya Azores, na Ureno ilikuwa mwanachama mwanzilishi wa NATO. Manung'uniko yakapoa.

Wananchi walilalamikia nini hasa?

Shokoa kwanza. Huko Msumbiji shokoa iliitwa chibalo: mwanamume asiyeweza kuthibitisha kwamba ana ajira au shamba linalotambuliwa na serikali alikamatwa na kupelekwa kwenye barabara, reli, bandari au mashamba ya wazungu kwa miezi kadhaa, kwa malipo duni mno. Kodi nayo ilidaiwa kwa fedha taslimu, kwa hiyo aliyekosa fedha aliishia kulekule kwenye shokoa.

Kaskazini, jeraha kubwa lilikuwa pamba. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1930 familia zililazimishwa kuilima, na katika kila eneo kampuni moja tu ndiyo iliyoruhusiwa kununua, kwa bei iliyopangwa na serikali. Pamba inadai kupaliliwa na kuvunwa wakati uleule chakula nacho kinapodai mikono. Mahindi yakaachwa, ghala likawa tupu, na njaa ikaingia hata mwaka wa mvua nzuri. Aliyechelewa kupalilia alichapwa.

Sheria iliwagawa watu makundi mawili, wenyeji na raia. Ili Mwafrika ahesabiwe raia ilimbidi athibitishe kwamba anaongea Kireno, ana kipato na anaishi Kizungu. Waliofanikiwa walikuwa elfu chache tu katika nchi ya mamilioni. Mwaka 1961 Lisbon ilifuta sheria hiyo pamoja na kilimo cha lazima cha pamba, lakini ilikuwa imechelewa: vita vilikwisha kuwaka Angola, na Mueda walikwisha kufa watu.

Kilitokea nini Mueda tarehe 16 Juni 1960?

Umati ulikusanyika mbele ya ofisi ya serikali kumsikiliza gavana wa Cabo Delgado akiwajibu wajumbe, miongoni mwao Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane, waliotoka Tanganyika kudai uhuru na haki ya watu kurudi kwao. Wajumbe walikamatwa, umati ukajaribu kuzuia gari lisiwachukue, askari wakafyatua risasi.

FRELIMO imekuwa ikitaja waliokufa kuwa zaidi ya 500. Watafiti waliopitia kumbukumbu za Kireno na kuhoji mashahidi wametoa idadi ndogo zaidi, makumi badala ya mamia. Tofauti hiyo haiondoi uzito wa siku ile. Baada ya Mueda, Wamakonde wengi hawakuamini tena kwamba barua na wajumbe vingeleta lolote.

Kwa nini FRELIMO iliundwa Dar es Salaam?

Kwa sababu nyumbani kulikuwa na PIDE, polisi wa siri wa Ureno, ambao walivunja kila kikundi kilichochipuka. Vyama vitatu vilikuwa vimeundwa nje: UDENAMO Rhodesia ya Kusini (leo Zimbabwe), MANU miongoni mwa Wamakonde waliofanya kazi Tanganyika na Kenya, na UNAMI kwa watu wa Tete waliokuwa Nyasaland (leo Malawi). Nyerere na Nkrumah wote walihimiza viungane. Juni 1962 vikaungana, na Septemba mkutano mkuu wa kwanza ukamthibitisha Eduardo Mondlane kuwa rais na Uria Simango makamu wake.

Mondlane alikuwa mtu wa Gaza, kusini, mwenye shahada ya uzamivu kutoka Marekani na aliyewahi kufanya kazi Umoja wa Mataifa. Hakuwa mtu wa chama chochote kati ya vile vitatu. Hilo ndilo lililomfanya akubalike, na ndilo lililowafanya baadhi ya viongozi wa zamani wajione wamenyang'anywa chama. Wengine waliondoka ndani ya miezi michache.

Wapiganaji walifunzwa wapi?

Kundi la kwanza, watu wapatao 250, lilipitia Algeria, iliyokuwa imetoka tu vitani na Ufaransa. Samora Machel, ambaye baadaye angekuwa rais wa FRELIMO, alikuwa mmoja wa waliokwenda huko. Waliporudi walipokelewa Kongwa, mkoani Dodoma. Baadaye Nachingwea ikawa kambi kuu, na Bagamoyo ikawa na kambi na shule.

Kongwa na Nachingwea zote mbili zilikuwa maeneo ya ule mradi wa karanga wa Waingereza uliofilisika mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mradi uliacha majengo, ardhi iliyosafishwa na barabara, na bandari ya Mtwara ilijengwa kwa ajili yake. Mradi ulioshindwa kutoa karanga ndio uliorithiwa na vita vya ukombozi.

Nani alifyatua risasi ya kwanza?

Alberto Chipande, kwa historia rasmi. Kwa masimulizi yake, kikundi chake kiliingia kwa kuvuka mto Ruvuma kikiwa na shabaha kubwa kuliko Chai, lakini Wareno walikuwa macho kwa sababu mwezi mmoja kabla, Agosti 1964, padri Mholanzi aliuawa karibu na Nangololo na kundi lisilokuwa chini ya amri ya FRELIMO. Doria zikaongezeka, mpango ukabadilishwa, na Chai ikashambuliwa badala yake.

Kwa nini Tete na Zambezia zilizimika mapema, ilhali Cabo Delgado na Niassa ziliendelea?

Mpango wa 1964 ulikuwa kuanzisha vita katika mikoa minne kwa pamoja ili Wareno watawanye nguvu zao. Kwa watu 250 mpango huo ulikuwa mpana mno, na kasoro yake ilionekana haraka.

Cabo Delgado na Niassa zinapakana na Tanzania. Mpiganaji akiishiwa risasi alivuka mto, akajeruhiwa alivuka mto. Kuzifikia Tete na Zambezia kulitegemea njia ya Malawi, na kiongozi wake, Banda, ambaye reli ya nchi yake ilifika baharini kwa kupita Msumbiji, hakutaka kugombana na Ureno. Silaha hazikupita, machifu na wananchi hawakuwa wameandaliwa vya kutosha, na ndani ya miezi michache vikundi vilivunjwa au kurudishwa nyuma. Tete ilisubiri hadi 8 Machi 1968, safari hii kwa kuegemea Zambia.

Niassa yenyewe haikuwa rahisi. Watu wake ni wachache, vijiji viko mbalimbali, na Wareno walipowahamisha wanavijiji wapiganaji walibaki porini bila chakula. Njaa iliua mashambulizi mengi kuliko ndege.

Silaha na chakula vilifikaje ndani?

Meli zilishusha mizigo Dar es Salaam au Mtwara. Silaha nyingi zilitoka Urusi, China na nchi za Ulaya Mashariki, na misaada isiyo ya kijeshi ilitoka pia Sweden na nchi nyingine za Nordiki. Kutoka bandarini malori yalipeleka mizigo Nachingwea na vituo vya karibu na mpaka, ikavushwa Ruvuma kwa mitumbwi, usiku. Baada ya hapo gari halikuwa na kazi tena. Kila sanduku la risasi na kila kombora la mzinga lilibebwa kichwani au begani kwa siku nyingi, na wabebaji wengi walikuwa wanavijiji, wanawake kwa wanaume.

Wabebaji hawakurudi mikono mitupu. Walileta korosho, karanga, ufuta na nta, vikauzwa Tanzania na fedha ikanunua chumvi, nguo, majembe na sabuni. Watu wa nje huidharau biashara hii, na wanakosea. Wareno walipofunga maduka ya Wahindi na Wareno vijijini, chumvi ikawa suala la kisiasa. Pale ambapo FRELIMO ilileta chumvi, watu walikaa nayo. Pale iliposhindwa, walianza kuondoka kimyakimya kuelekea upande wa serikali au ng'ambo ya mto.

Walipigana vipi?

Kwa kuvizia na kwa mabomu ya kutegwa ardhini. Mashambulizi ya kuteka kambi yalikuwa machache, hasa miaka ya mwanzo.

Majira yaliamua mengi. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua hunyesha, nyasi hurefuka, barabara za udongo huwa tope na mawingu huzuia ndege. Huo ulikuwa msimu wa wapiganaji. Kuanzia Mei ardhi hukauka, nyasi huchomwa, na Wareno walifanya operesheni zao kubwa.

Bomu la ardhini lilikuwa silaha ya maskini yenye faida kubwa. Mengi yalikuwa ya Kirusi yenye kasha la mbao, ambayo kifaa cha kutafuta chuma huyakosa kwa urahisi. Yalifukiwa kwenye alama za matairi, pembezoni mwa madaraja na mahali ambapo askari wangejificha wakishambuliwa: risasi chache zilifyatuliwa, askari wakaruka pembeni, na huko pembeni ndiko kulikotegwa. Ikawabidi Wareno watangulize askari wa miguu wenye fimbo ndefu za ncha ya chuma, wakichomachoma udongo hatua kwa hatua, huku malori yaliyojazwa mifuko ya mchanga yakifuata nyuma. Barabara ya Mocímboa da Praia hadi Mueda, kilomita kama 100, iliweza kumeza siku kadhaa za msafara.

Udhaifu wa mbinu hii ni kwamba bomu halichagui. Wanavijiji walikatwa miguu, na wapiganaji wenyewe walikanyaga mabomu yao pale aliyetega alipouawa kabla ya kumwonyesha mwingine mahali. Wareno nao walitega yao kandokando ya Ruvuma, na Watanzania wa vijiji vya mpakani walikuwa miongoni mwa walioumia.

Wanawake walikuwa na nafasi gani?

Mwanzoni walibeba mizigo na kulima. Mwaka 1967 kikaundwa Kikosi cha Wanawake, na wasichana wakafunzwa silaha Nachingwea. Kazi yao kubwa ilikuwa kuwaelimisha wanavijiji, kulinda maeneo yaliyokombolewa na kulea watoto yatima. Wazee wengi walipinga binti kushika bunduki. Josina Machel, aliyekuwa mstari wa mbele katika kazi hiyo na aliyeolewa na Samora mwaka 1969, alifariki Dar es Salaam 7 Aprili 1971 akiwa na umri wa miaka 25. Siku hiyo ndiyo Siku ya Mwanamke wa Msumbiji.

Viongozi waligombania nini mwaka 1968 na 1969?

Hapa ndipo vita vilipokaribia kuvunjika, na si kwa mkono wa Wareno.

Lázaro Nkavandame alikuwa kiongozi wa FRELIMO Cabo Delgado. Kabla ya vita aliongoza ushirika wa wakulima wa pamba, na Wamakonde wengi walimheshimu. Katika maeneo yaliyokombolewa alisimamia biashara, na wapinzani wake walimshutumu kwamba yeye na wenyeviti wenzake wanajinufaisha kwa jasho la wakulima, kama wenye maduka waliofukuzwa. Yeye aliona kwamba watu wa kusini wanaongoza jeshi huku Wamakonde wakifa. Shutuma zote mbili zilikuwa na ukweli ndani yake.

Nyuma ya ugomvi huo lilikuwapo swali zito: wanapigana ili Mreno aondoke na Mwafrika akalie kiti chake, au ili kiti chenyewe kibadilishwe? Mkutano mkuu wa pili, uliofanyika Julai 1968 Matchedje, ndani ya Niassa, uliegemea jibu la pili. Nkavandame hakuhudhuria. Mapema 1969 alifukuzwa, akavuka na kujisalimisha kwa Wareno, ambao walimtumia kuwaita Wamakonde waache vita. Wachache walimfuata.

Dar es Salaam nako kulikuwa na moto. Wanafunzi wa shule ya FRELIMO, Taasisi ya Msumbiji, waligoma Machi 1968 wakikataa kupelekwa jeshini kabla ya kumaliza masomo, na padri Mateus Gwenjere aliwaunga mkono. Shule ilifungwa. Mei mwaka huohuo ofisi ya chama ilivamiwa na mtu mmoja akafa.

Mondlane aliuawaje?

Kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu kilichotumwa kama kifurushi. Alikifungua 3 Februari 1969 katika nyumba ya rafiki, Oyster Bay, Dar es Salaam. Uchunguzi ulielekea kwa PIDE. Uongozi ukachukuliwa na watu watatu: Simango, Marcelino dos Santos na Samora Machel. Novemba mwaka huohuo Simango alichapisha waraka wa kuwashutumu wenzake kwa ukabila na mauaji, akafukuzwa. Mei 1970 Samora akawa rais.

Operesheni Fundo la Gordio ilishindwa au ilifanikiwa?

Jenerali wa Kireno Kaúlza de Arriaga aliianzisha 1 Julai 1970 kwenye uwanda wa Mueda: mizinga, ndege, askari wa miavuli, helikopta, na matingatinga yaliyofungua barabara hadi kwenye kambi za FRELIMO. Kambi kubwa, pamoja na ile iliyoitwa Gungunhana, zilitekwa, na silaha nyingi zikapatikana.

Kwa hesabu ya kambi ilifanikiwa. Wapiganaji wenyewe, hata hivyo, walijigawa katika vikundi vidogo na kupenya. Jeshi lilipokusanywa kaskazini, kusini-magharibi kukabaki wazi, na FRELIMO ikasukuma nguvu zake Tete. Kaúlza alifunga mlango ambao adui alikuwa tayari ametoka nao.

Kwa nini Tete ilikuwa muhimu kiasi hicho?

Ukiniuliza wapi vita viliamuliwa, nitataja Tete kabla ya Mueda. Mueda ni pembezoni. Wareno wangeweza kuikalia miaka 20 bila mkulima wa Beira kusikia mlio. Tete ndiko lilikojengwa bwawa la Cahora Bassa kuanzia 1969, kwa mtaji wa Ulaya na Afrika Kusini, na ndiko zilikopita barabara na reli zinazounganisha Rhodesia, Malawi na bahari. FRELIMO haikuhitaji kulibomoa bwawa, na halikubomolewa. Ilitosha kwamba kila gunia la saruji lilihitaji ulinzi wa njiani, na kwamba maelfu ya askari walifungwa hapo.

Julai 1972 wapiganaji walikuwa wamevuka Zambezi na kuingia Manica na Sofala. Reli ya Beira ikaanza kushambuliwa. Januari 1974 walowezi wa Beira waliandamana wakililaumu jeshi lao kwa kushindwa kuwalinda, na maofisa vijana hawakuisahau aibu hiyo.

Wapiganaji wa ZANU, chama cha ukombozi cha Zimbabwe, nao walipata njia ya kuingia Rhodesia kupitia Tete, ndiyo maana askari wa Rhodesia walikuwa wakipigana humo bega kwa bega na Wareno.

Vijiji vya kulindwa vilikuwa nini?

Makazi yaliyozungushiwa waya na kulindwa na wanamgambo, ambamo wakulima walihamishiwa kwa nguvu ili wasiwape wapiganaji chakula na habari. Kufikia mwisho wa vita takriban watu milioni moja walikuwa humo. Palipokuwa na maji na mashamba ya karibu, watu walivumilia. Mara nyingi mashamba yalikuwa mbali, amri ya kutotembea usiku iliwazuia kulinda mazao dhidi ya nguruwe na nyani, na kipindupindu hakikuwa mbali.

Wiriyamu ni nini?

Ni kijiji kusini ya mji wa Tete. Tarehe 16 Desemba 1972 makomando wa Kireno waliua karibu watu 400 hapo na katika vijiji jirani vya Chawola na Juwau. Mapadri Wahispania walikusanya majina, na Julai 1973 padri Adrian Hastings akazitoa habari za mauaji hayo katika gazeti la The Times la London, siku chache kabla ya waziri mkuu wa Ureno, Marcelo Caetano, kuzuru Uingereza. Lisbon ilikanusha hata kuwapo kwa kijiji hicho. Baada ya hapo ikawa vigumu kwa marafiki wa Ureno kuitetea hadharani.

Je, ni FRELIMO iliyoshinda, au ni mapinduzi ya Lisbon?

Swali hili huulizwa kana kwamba ni vitu viwili. Maofisa walioipindua serikali 25 Aprili 1974 walichoshwa na vita vitatu kwa wakati mmoja: Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji. Vijana wa Ureno walitakiwa kutumikia jeshi hadi miaka minne, na wengi walikimbilia Ufaransa. Bila vita, mapinduzi yale hayana sababu. Ni kweli pia kwamba FRELIMO, yenye wapiganaji wapatao 10,000, haikuwa imeteka mji wowote mkubwa, na zaidi ya nusu ya askari waliopigana upande wa Ureno miaka ya mwisho walikuwa Waafrika wa Msumbiji. Ukweli huo wa pili ulinyamaziwa muda mrefu na uliacha majeraha vijijini.

Serikali mpya ya Lisbon, chini ya Jenerali Spínola, ilitaka vita visimame kwanza na kura ya maoni ifuate. Samora alikataa: uhuru haupigiwi kura. Mapigano yakaendelea, na 1 Agosti 1974 kambi ya Omar, karibu na Ruvuma, ilitekwa bila mapambano na askari wake wakapelekwa Tanzania. Wiki tano baadaye mkataba ulitiwa saini Lusaka. Walowezi waliteka kituo cha redio cha Lourenço Marques (leo Maputo) siku hiyohiyo, wakashindwa ndani ya siku chache. Joaquim Chissano akaongoza serikali ya mpito kuanzia 20 Septemba.

Waliofukuzwa FRELIMO waliishia wapi?

Simango, Nkavandame, Gwenjere na wengine walikamatwa wakati wa mpito. Mwaka 1975 walionyeshwa Nachingwea mbele ya wageni na waandishi, wakasomeshwa maungamo. Walipelekwa kambi za Niassa, na baada ya uhuru waliuawa bila kufikishwa mahakamani. Kwa miaka mingi familia zao hazikuambiwa rasmi kwamba wamekufa, wala makaburi yao yako wapi.